Nimekataa Kusamehewa Bure

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeshikwa. Naandika kwa herufi ndogo kwa sababu Phoebe, mke wangu, yuko jikoni, na nyumba yetu hapa Riruta ni vyumba viwili tu.

Mchungaji Muasya alikuja dukani kwangu River Road saa nne asubuhi, kuchapisha mabango ya sherehe ya kanisa. Nikampa nakala ya kwanza aikague. Akaikagua sana. Akaiinua kwenye mwanga. Halafu akatoa karatasi nyingine mfukoni, akaiweka juu ya ile ya kwanza. Zote mbili zina mstari mwembamba mweupe upande wa kushoto, unaokata herufi kama wembe. Printa yangu ina kovu hilo tangu mwaka jana.

Karatasi ya pili ilikuwa ile barua. Barua isiyo na jina. Barua yangu.

Nikakalia boksi la kadi za harusi za watu.

Ukweli wenyewe ni huu, kwa kuwa hapa najisemea peke yangu. Mwezi wa nne kanisa lilikuwa linatafuta mzee mpya wa kanisa. Ngui, kiongozi wa kwaya na mtunzaji wa uwanja wetu, alikuwa anapendwa kuliko mimi. Nilimwona siku moja amebeba chupa. Nikaandika kwamba analewa chang'aa ndani ya ofisi ya kanisa. Chupa ilikuwa ya mafuta ya taa. Nilijua ni ya mafuta ya taa. Wakamtoa kwenye kwaya, wakamtoa kazini, na chumba alichokuwa amepewa nyuma ya kanisa akakiacha, yeye na mkewe Nzisa na mtoto mchanga. Mzee mpya bado hajachaguliwa, na jina langu liko mbele.

Nilingoja Mchungaji anifokee. Hakunifokea. Alisema hata yeye ana kosa, aliamini karatasi isiyo na mwenyewe. Kisha akasema niende kwa Ngui nikamwambie mwenyewe, kabla ya Jumapili. Akachukua mabango yake akaenda.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata mpango. Kumwendea Ngui mikono mitupu ni ujinga. Kwanza nifanye mema, mema mengi, yaonekane. Hapo hata akisikia habari ya barua, atasema lakini Wesonga ni mtu wa kazi.

Nilifunga duka mapema nikaenda kuosha vyoo vya kanisa. Kwa siri, kama Biblia inavyotaka. Nilimwambia Mama Mukonyo wa kikundi cha akina mama tu, na fundi wa nguo aliye getini, na wale waliokuwa wakipita. Choo cha kwanza kikang'aa. Nikatoa simu nipige picha ya kutuma kwenye kikundi cha kanisa cha WhatsApp, mkono mmoja ufagio, mkono mwingine simu. Sabuni. Simu ikanitoka, ikagonga ukingo wa shimo, ikaingia.

Niliisikia ikifika chini. Halafu ikaita! Ikaita mara nne, huko huko, ikanyamaza.

Mama Mukonyo alisema pole. Alisema pia kwamba vyoo vilikuwa vimeoshwa asubuhi. Nikamuuliza na nani. Akasema na Ngui. Huja kila Jumanne kabla ya kazi, hakuna aliyemtuma.

Sielewi mtu huyu anataka nini.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeanza kufunga. Siku tatu, maji tu. Nilitangaza dukani.

Kufikia saa tano nilikuwa namchukia kila mteja. Njaa inaniingiza dhambini, nikafikiri, na Mungu hapendi hivyo. Nikala chapati mbili na maharagwe kwa kibanda cha nyuma. Nimefunga kuanzia asubuhi hadi saa tano. Kuna watu hawajafika hata hapo.

Jioni, msiba. Kwa kuwa simu yangu iko ilipo, nilikuwa nimempa Mchungaji namba ya Phoebe. Ujumbe ukaingia kwake: je, nimeshaenda kwa Ngui kuhusu ile barua? Phoebe akauliza barua gani. Nikajaribu mambo mawili matatu, yakakataa. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alizima jiko, akakaa chini. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sijawahi kumwona akizima jiko ugali ukiwa nusu.

Akanikumbusha siku ile Ngui alipohama. Mvua ya mwezi wa tano. Yeye Phoebe alibeba godoro la Nzisa kichwani mpaka kwenye chumba kile cha mabati karibu na mtaro.

"Na wewe ulishika mwavuli, Baba Ivyne," akasema. "Ukatembea na Ngui njia nzima ukimshauri aache pombe."

Nilikuwa nimesahau mwavuli. Kweli nilikuwa nimesahau. Ugali haukumaliziwa, na hakuna aliyeuliza.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo nimekwenda. Ngui siku hizi anapiga msasa kwa mafundi wa fanicha, pale Ngong Road karibu na Dagoretti Corner. Nilibeba jogoo hai na barua ya kuomba radhi, kurasa nne, nimeipiga muhuri wa duka.

Nilimkuta ameinama juu ya kitanda, vumbi la mbao hadi kwenye kope. Akanikaribisha kwenye kigoda. Nikaanza kusoma. Nilipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza akaniomba nipumzike.

Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya misumari, kwamba alijua tangu Aprili. Yeye ndiye aliyekuwa akichukua karatasi za nyimbo za kwaya kwangu kila wiki. Mstari ule mweupe anaujua kama sura ya mtoto wake. Barua iliposomwa mbele yake aliuona kutoka upande wa pili wa meza.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema nani angemwamini, mlevi? Wiki nyingi alikuwa na hasira. Kila ubao aliopiga msasa ulikuwa uso wangu. Akaomba, akachoka, akaomba tena. Siku moja mwezi wa sita, katikati ya kazi, akagundua amenisamehe.

Mwezi wa sita! Mimi mwezi wa sita nilikuwa nashonewa suti ya uzee wa kanisa. Sikuwa nimeomba. Sikuwa hata nimejuta. Nikamwambia haiwezekani, mtu hasamehewi akiwa hajui. Angalau anipe msasa nimalizie kile kitanda. Nije kila Ijumaa. Mwaka mzima.

Ngui akafuta kope. Akasema:

"Mzee Wesonga, nikikupa kazi utasema umenilipa. Mimi siuzi. Nilishakusamehe. Chukua, ama uache."

Kisha akaongeza kwamba kanisani lazima niseme ukweli. Hiyo si bei ya msamaha. Ni kwamba jina ni lake, na analitaka.

Ngui alikataa kumpokea jogoo. Alisema Nzisa anaogopa kuku. Nimerudi naye Riruta nikiwa nimemkumbatia, na watu wakiniangalia.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeudhika. Mtu unajiandaa kurasa nne, halafu unaambiwa jambo liliisha kitambo bila wewe.

Nilikwenda kwa Mchungaji kumwarifu kwamba msamaha wa Ngui haukufuata utaratibu. Nikaomba nipewe adhabu inayoeleweka. Akasema jina langu limeondolewa kwenye uzee wa kanisa, hilo lisinishangaze. Lakini nisifikiri nimenunua chochote kwa hilo. Akasema neema ndivyo ilivyo: Mungu hakungoja tuwe wasafi ndipo atupende. Alitupenda tukiwa na matope, na zawadi ukiilipia umemtukana aliyekupa.

Akaniuliza binti yetu Ivyne, siku aliyozaliwa, alikuwa amefanya nini hata akastahili maziwa ya mama yake.

Nikamjibu kwamba Ivyne alikuwa mtoto mtulivu sana.

Mchungaji alifunika uso kwa mikono yake miwili. Nadhani alikuwa anaomba.

Jumapili, 14 Septemba

Nilisimama mbele ya kanisa nikasema. Si kurasa nne. Nilisema barua ni yangu, chupa ilikuwa ya mafuta ya taa, na nilijua. Nilisikia mabati yakilia kwa jua. Mchungaji naye akasimama, akamwomba Ngui radhi mbele ya wote.

Ngui akatoka kwenye benchi la nyuma, akaja moja kwa moja. Nilifumba macho, nikakaza shavu. Nilistahili, na kusema kweli nilikuwa nakitaka hicho kibao. Badala yake nikahisi mikono miwili na harufu ya mbao. Alinishika hivyo hivyo mpaka nikafumbua macho.

Ikafika Meza ya Bwana. Sinia likapitishwa, nikalisukuma mbele. Mimi nani? Ngui akalirudisha, akalishikilia mbele yangu huku watu wakingoja.

"Hii hailipiwi, mzee," akasema polepole.

Nikala. Nikanywa. Nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kamasi na yote, na Phoebe akanipa leso yake ya kichwani. Tangu Jumatano hakuwa amenipa kitu. Ngui amerudishiwa kwaya. Kazi ya utunzaji ameikataa, anasema mbao zimemkubali. Walipoimba sikuweza kuimba. Nilikuwa nasikiliza tu, kama mtu aliyefunguliwa mlango wakati yeye bado anatafuta ufunguo.

Nimeelewa. Leo nimeelewa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeamka mwepesi. River Road nzima nimeihubiria. Muuza vyuma wa jirani nimemweleza neema mara mbili, ya pili kwa mifano. Nafikiri katika kanisa letu hakuna aliyeielewa kama mimi.

Nikarudi nyumbani saa kumi na moja. Mshtuko! Valarie, msichana wa ghorofa ya juu, alikuwa anafua nguo nyeupe, maji ya dawa ya kung'arisha yakadondokea kamba yetu ya nguo. Suruali yangu nyeusi sasa ina madoa ya rangi ya chungwa kuanzia kiunoni hadi gotini.

Alikuja mwenyewe mlangoni, machozi yakimlengalenga. Akasema hakuona, akaomba nimsamehe.

Nikamwambia kwa upole kwamba amekuja kwa mtu anayejua mambo ya msamaha. Nitamsamehe kabisa. Ila kwanza afagie ngazi zote kutoka juu hadi getini, wiki mbili, asubuhi na jioni. Nitakuwa nikikagua. Siku ya kumi na nne tutaketi, tuone kama moyo wake umebadilika.

Phoebe aliniangalia kwa muda mrefu kutoka mlango wa jikoni. Nafikiri ameguswa.

Msamaha ni kitu cha thamani sana. Mtu akipewa hivi hivi, atajuaje?