Odeta wa Mabatini, Korongo wa Pasiansi na Picha Moja Tu

Njooni, enyi watu wa miamba! Teremkeni kutoka vilima vyenu, ambako maji ya bomba hupanda kwa kusitasita, wekeni ndoo chini, lazeni simu zenu kifudifudi, na yule anayetafuna muwa pale nyuma aache kidogo, kwa maana naanza kuwasimulia habari za Odeta binti Nkwabi, Msusi wa Mabatini, Mtiisha Nywele Ngumu, ambaye vichwa vya mji mzima vimepita katikati ya magoti yake, na jinsi alivyopiga picha moja. Moja tu. Wapo wanaosema picha moja si habari. Hao hawakuwepo, na hata wangekuwepo wasingeonekana vizuri, kwa sababu mtakazozijua punde.

Nawe Ziwa, mama wa sangara na mlezi wa magugumaji, nipulizie pumzi ya kusimulia. Ila usinipulizie harufu ya dagaa, nimevaa shati safi.

Vita hivi vilianza kwa msiba. Alipofariki Evelina, mama yake Odeta, ukoo ulipekua simu zote na albamu zote usipate hata picha moja aliyopigwa peke yake. Wakamkata kutoka kwenye picha ya harusi ya watu, wakamkuza, wakamweka juu ya jeneza, na begani pake ukabaki mkono wa mtu. Mkono mtupu, wenye saa kubwa ya kung'aa, bila mwenyewe. Waombolezaji walishika foleni ya kuaga huku wakinong'onezana ule ni mkono wa nani, na mpaka leo ubishi haujaisha. Odeta alilia siku ile kwa ajili ya mama yake, kisha akalia upya kwa ajili ya ule mkono. Hapo ndipo alipoapa kwamba katika ukoo wao hatazikwa tena mtu akiwa ameshikwa bega na asiyejulikana, akaenda akajinunulia kamera.

Sasa sikilizeni habari za deraya, lile vazi la vita. Odeta alilelewa na bibi yake, Bibi Suzana wa Pasiansi, Malkia wa Dagaa, mama wa marehemu Evelina, na katika nyumba ya Bibi Suzana kitu cha thamani hakivuliwi nailoni. Rimoti iko ndani ya nailoni. Makochi yako ndani ya nailoni, na mgeni akikaa wakati wa joto hunyanyuka na mlio wa aibu. Hata kitenge ambacho Bibi amejiandalia kuvishwa siku ya mazishi yake kimelala kabatini ndani ya nailoni, ingawa mwenyewe ni mzima wa afya na bado anawashinda wajukuu kupanda mawe. Basi Odeta alipoileta kamera ile ikaguliwe, Bibi aliigeuza huku na huku, akanena kwa sauti ya kutunga sheria.

"Mjukuu wangu, vumbi la Mabatini unalijua. Mafuta ya nywele unayajua. Jicho la mashine hii ukiliacha uchi, litaishi lini? Livike!"

"Nimesikia, Bibi," akajibu shujaa. Akachukua nailoni nyororo inayokuja na pakiti za rasta, akaufunika uso wa lenzi, akaubana kwa mpira wa kufungia nywele. Ukitazama haraka huwezi hata kuiona. Naam, ndivyo alivyoingia vitani akiwa amejifunga kitambaa machoni kwa mikono yake mwenyewe, na moyo wake ukijaa matumaini.

Akapiga mbuzi wa jirani. Akatoka wingu lenye pembe. Akapiga meli ikiingia bandarini; ikatoka kama maziwa yaliyomwagika. Akawapiga wateja wake baada ya kuwasuka kwa jasho la kutwa, wakatazama, wakamwambia kwa upole, "Dada Odeta, tupige tu kwa simu." Usiku ule hakula. Alikuwa na mwalimu wa mtandaoni, mwanamume mwenye kofia na sauti ya mhubiri, aliyempigia kelele kutoka kwenye simu, "Usikate tamaa! Piga kila siku! Jicho linafundishika!" Naye akapiga kila siku, na kila siku ukungu ukazidi kuwa uleule. Akailaumu mikono yake, akaacha chai ya rangi akidhani inamtetemesha. Akalaumu jua, akalaumu betri, na mwisho akajilaumu mwenyewe, kwamba pengine vidole vilivyoumbwa kwa ajili ya rasta havikuumbwa kwa kitu kingine. Wa mwisho kushukiwa alikuwa nailoni, na hakushukiwa kabisa.

Wakati huo adui mkuu alikuwa kwenye simu. Mjomba Antoni, mwana wa Bibi Suzana, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati za Mazishi, Mtawala wa kundi la ukoo la WhatsApp, kila picha ya Odeta ilipotua kundini aliipokea kwa mishale. "Huyu ni Bibi au ni moshi wa jikoni?" aliandika. Na siku nyingine: "Odeta, waambie malaika wasogee, tuone watu." Ukoo mzima ukacheka kwa vile vikatuni vya machozi, hata shangazi wa Sengerema ambaye kwa kawaida huandika amina tu.

Ndipo Bibi Suzana alipoitisha baraza sebuleni, juu ya nailoni. Mambo yake ya mazishi alikwisha kuyapanga: nyimbo, mapishi, na majina ya wasioruhusiwa kupewa kipaza sauti. Lililobaki lilikuwa picha. Antoni alitaka kukuza ile ya kitambulisho, ambamo Bibi anatazama kama mtu aliyekamatwa na mali ya magendo.

"Ile siitaki," alisema Bibi. "Nitafika mbinguni wanipekue. Odeta, sala za jumuiya zikiisha Jumamosi, uje na mashine yako. Ukinipata, umenipata. Ukinikosa, Antoni akuze mhalifu wake."

"Na akikukosa," akaongeza Mjomba Antoni, akijinyoosha kwenye kochi mpaka likalia, "aache kabisa mchezo huu. Msusi asuke."

Odeta alisema, "Sawa, Mjomba." Lakini ndani aliumia, kwa kuwa alimpenda yule bibi kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani, naye aliuona tayari ule mkono wenye saa ukinyooshwa kutoka gizani kutafuta bega jingine.

Jumamosi ikapambazuka. Bibi alikuwa ufukweni kwenye uwanja wake, mahali ambapo nyavu kuukuu zimetandikwa juu ya mawe na dagaa wameanikwa juu yake, wakimetameta. Juu ya jabali la pembeni alisimama korongo, yule ndege wa upara, mwenye mfuko shingoni na mwendo wa mzee wa baraza aliyesikia kuna pilau. Alikuwa akiwatazama dagaa bila haraka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Ngoja nijiandae."

Akaenda, akarudi amepaka poda, amefunga kilemba, akasimama mbele ya Ziwa. Na hapa lazima niseme ukweli juu ya watu wetu: mbele ya kamera sisi hatusimami, tunasimamishwa. Bibi Suzana, ambaye sekunde ile alikuwa akimtania jirani yake kwa maneno nisiyoweza kuyarudia, aligeuka nguzo ya umeme. Mikono ikashuka ubavuni. Midomo ikafungwa kwa kufuli, maana pana pengo la meno ya mbele ambalo hataki ulimwengu ulijue.

"Cheka kidogo, Bibi."

"Picha ya msiba nacheka nini?"

Odeta akapiga. Akatazama. Nguzo ndani ya ukungu. Akapiga amepiga magoti, akapiga amelala kifudifudi katika maganda ya konokono, akapiga amepanda mawe, kila upande wa dira na kila namna aliyofundishwa na yule mwenye kofia. Nguzo, ukungu. Ukungu, nguzo. Mwishowe akaketi juu ya jiwe, akaiweka kamera pembeni mwa dagaa, akanena maneno ya kushindwa, na nilipoyasikia nami moyo uliniuma.

"Bibi, nimeshindwa. Nilifikiri nikijitahidi nitaweza, kumbe kuna watu wana jicho na kuna watu hawana. Kesho naipeleka Igoma, kwa yule anayenunua vitu vilivyotumika. Mama alizikwa na mkono wa mtu, na wewe utazikwa na sura ya polisi. Nisamehe."

Bibi alifungua kinywa amjibu. Jibu lile historia haitalijua kamwe, kwa sababu hapo ndipo korongo alipoishuka ngome yake.

Alikuja kwa miguu, kwa heshima zote. Alipita dagaa wa kwanza, akapita wa pili, kwa kuwa jicho lake lilikuwa limekamatwa na kitu kinachong'aa kuliko samaki: nailoni ya rasta, ikiwaka jua usoni mwa kamera. Akainama. Akadona. Akavuta, mpira ukakatika pwaa, na deraya yote ikabaki mdomoni mwake ikipepea.

"Nailoni yangu!" alipiga yowe Odeta, akaidaka kamera kifuani kama mtoto aliyevuliwa nguo sokoni.

"Dagaa wangu!" alinguruma Bibi Suzana, akanyakua fagio la chelewa, akashambulia.

Lo! Laiti mngeiona siku ile! Kilemba kilianguka. Ndala moja ilibaki nyuma. Bibi alipita juu ya mawe, kanga ikivuma, fagio likipaa, naye korongo, akiwa hawezi kula nailoni wala kuitema, alikimbia akijigonga mwenyewe kwa mabawa, akaruka, akatua kwa makalio ndani ya beseni la maji. Hapo Bibi akashindwa kujizuia. Akacheka. Akacheka kwa kichwa chote kilichorushwa nyuma, pengo wazi, machozi yakiichimba poda. Na Odeta, ambaye alikuwa amekwisha kukata tamaa rasmi, aliinua kamera kwa mazoea tu ya vidole vilivyofundishwa kila siku, akabonyeza.

Kisha akatazama.

Hakuna ukungu. Lilikuwepo jino baada ya jino, na pengo katikati yake. Zilikuwepo chelewa za fagio, unaweza kuzihesabu. Yalikuwepo matone yaliyotoka ndani ya beseni, yamesimama hewani, na nyuma yake korongo akiwa na nailoni mdomoni, amefedheheka. Odeta alitazama kamera, akamtazama korongo, akaitazama nailoni, akaelewa yote kwa mara moja, akakaa chini kwenye dagaa akalia na kucheka pamoja.

"Lete nione," akasema Bibi. Akaishika kamera mbali na uso kama wafanyavyo wazee.

"Huyu ni mimi," alisema polepole. "Huyu ndiye mimi. Hii ndiyo mtakayoniwekea."

Picha ikaingia kundini. Shangazi wa Sengerema akawahi kuandika amina. Kisha Mjomba Antoni akaandika, na maneno yake yahifadhiwe: "Mama yangu kabisa." Hakuweka kikatuni. Baadaye ndipo alipouliza kama inafaa kuweka korongo juu ya jeneza, na Bibi akamjibu kwa ujumbe wa sauti kwamba korongo atakaa mbele, Antoni nyuma.

Lakini picha haikungoja jeneza. "Kwa nini wafaidi waombolezaji peke yao?" alisema Bibi, akaamuru itundikwe sebuleni, jirani na ya Evelina na ule mkono. Antoni mwenyewe ndiye aliyeileta kutoka kwa fundi fremu, kubwa, ya kioo, imezungushiwa nailoni mpya inayong'aa. Akapanda kiti ili aitundike hivyohivyo, kama ilivyo desturi ya nyumba.

"Teremka," akasema Bibi Suzana.

Akaichukua, akaiweka magotini, akaikata ile nailoni kwa meno aliyobakiwa nayo, akaichana mpaka chini. Akampa Odeta ile nailoni.

"Kamtupie korongo," akasema.