Ombi la Kumpunguzia Mtoto Wangu Akili

Kwa Mkubwa wa Mafunzo ya Walimu,

Mheshimiwa, naomba usome ukiwa umekaa. Mimi ni Jepkemboi, mama wa watoto wawili hapa Tuwan, Kitale, na kazi yangu ni kuuza njugu karanga. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo mahali nitakosea ujue ni masomo yamepungua, si heshima. Binti yangu wa kwanza, Chepngeno, ana miaka minane, yuko gredi ya tatu, na ana ugonjwa wa kuelewa haraka. Nimevumilia nikachoka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maswali. Mwezi wa pili, jua likiwa kali, Chepngeno alimuuliza mwalimu wake, Bwana Khisa, mbona mito ya Mlima Elgon haikauki na mvua haijanyesha tangu Krismasi. Akaambiwa aniulize mimi. Mimi nilikuwa na sufuria motoni na mdogo wake mgongoni, nikamrudisha kwa mwalimu. Swali hilo limetembea kati ya Tuwan na shule mara nne, mpaka mvua ikanyesha tukawa hatuna haja ya jibu. Fikiria hasara ya viatu.

2. Kumaliza mapema. Mwalimu akiandika hesabu ya sita ubaoni, mtoto amemaliza tano na anangoja. Dawa ya shule kwa mtoto anayengoja ni moja tu: anapewa karatasi aandike majina ya wapiga kelele. Akaandika. Jina la kwanza, juu kabisa, likawa la Bwana Khisa, kwa sababu ndiye alikuwa anaongea na simu kwa sauti. Nikaitwa shuleni. Nilimwachia jirani yangu Dinah mtoto mdogo, nikaenda, nikaomba msamaha. Niliuliza tu, kwa upole, kama si kweli alikuwa anaongea. Nikaambiwa ati sasa wameona tabia hiyo mtoto ameitoa wapi.

3. Semina yenu. Muhula uliopita mliwaita walimu Bungoma siku tatu, mkawafundisha jinsi ya kuwasaidia watoto wenye vipaji. Tulifurahi sana. Bwana Khisa alirudi amenona kidogo, na mkoba mpya ulioandikwa Kila Mtoto ni Nyota. Kwenye mkutano wa wazazi akatusomea dalili: mtoto mwenye kipaji hukaa wima, ana mwandiko safi, na hamsumbui mwalimu. Akamchagua Ivy, binti ya mwenyekiti wa bodi ya shule. Ivy ni mtoto mzuri na simlaumu. Sasa anapewa hesabu za gredi ya tano, na analia kuanzia asubuhi. Chepngeno humfanyia kwa siri wakati wa mapumziko, ndio maana nasikia kipaji cha Ivy kinakua. Ule mkoba, mara ya mwisho niliuona ukibeba miche ya sukuma wiki.

4. Kwa hayo yote, Mheshimiwa, nimeona kumfundisha mwalimu ni kazi nzito, tusimsumbue tena. Anayefundishika ni mtoto. Naomba muite semina ya watoto wanaoelewa haraka, siku tatu, chai na mandazi, na mkoba pia. Wafundishwe kupiga miayo, kuinua mkono wakiwa wamechelewa, na kutazama dirishani bila kuuliza wanachokiona. Ikiwezekana ifanyiwe Chwele siku ya soko, katikati ya ng'ombe na madalali, wazoee kutosikizwa. Mwisho wapewe cheti cha kuwa kama wengine.

5. Msidhani naota. Nyumbani nimeshaanza. Nikimsuka nywele Jumapili moja, nilimwambia kwa upendo: mama, punguza kidogo, wacha wengine wakufikie. Na imefaulu. Mitihani mitatu ya mwisho ya hesabu, yote mitatu, amepata ishirini kwa arobaini. Bwana Khisa ameandika chini kwa wino mwekundu: Ametulia, aendelee hivyo. Ndiyo mara ya kwanza kumsifu. Habari ya mito haulizi tena. Jioni anakaa tu akichambua njugu, na nyumba imenyamaza mpaka mdogo wake anamkodolea macho. Naomba njia hii ienezwe kaunti zote kabla ya muhula ujao.

Nisikuchoshe. Wasalimie wote hapo ofisini, wanaofanya kazi na wanaongoja chai. Na ukikutana na Bwana Khisa, mwambie kanisani tunamtaja.

Ni mimi mzazi mtiifu,
Jepkemboi, Mama Chepngeno
Tuwan, Kitale

Tanbihi: Nimefungua bahasha tena. Nilikuwa nakunja zile karatasi tatu za mtihani nifungie njugu, macho yakaanguka kwa majibu. Swali la kwanza amepata, la pili amekosa, la tatu amepata, la nne amekosa, hivyo hivyo hadi la arobaini, karatasi zote tatu. Na kila alipokosa, jibu limezidi lile la kweli kwa moja tu. Hiyo si akili iliyopungua. Ameificha, kwa sababu mimi mama yake nilimwambia. Kwa hivyo futa namba nne na namba tano. Waiteni walimu tena, hata mara kumi, hata mkiwapa mikoba miwili miwili, lakini safari hii wafundishwe. Jana nilimuuliza mimi mwenyewe kuhusu ile mito ya Mlima Elgon. Aliniangalia kwanza usoni, halafu akasema hajui. Jumatatu asubuhi nakuja naye hapo kwako. Tafuta mtu mmoja anayejua habari za mito.