Alama ya Oktava kwenye Wimbo wa Baba

Jamani, leo nimechekesha ukumbi mzima hapa Isongole, na aliyebebeshwa aibu yangu ni baba yangu mzazi.

Ilikuwa sendofu ya mdogo wangu, Tusekile, tunamuaga anaenda kuolewa. Baba ni mwimbaji wa besi, sauti ya chini kabisa, kwenye kwaya kule kwetu Ibaba; akiimba unaisikia sauti yake mpaka kwenye benchi ulilokalia. Tusekile alimwomba kitu kimoja tu: "Baba, usinipe mbuzi wala kitenge. Niimbie." Mzee akanikabidhi mimi kazi ya kutunga (si mimi ndiye mwalimu wa kwaya, na kujisifu kwangu kote kule!).

Nikauandika wimbo kwenye kompyuta, kwa ile programu ya nota. Mwanzoni kuna kinanda kidogo, kwenye mistari ile ile ya Baba, nikakiwekea alama ya oktava, ile inayopandisha sauti mpaka nota ya nane, ili kilie juu. Kumbe alama nimeiburuta mpaka mwisho wa wimbo! Ukitazama kwenye kioo, nota za Baba zimekaa pale pale chini. Programu ikipiga sasa, inatii alama: kila kitu juu, oktava nzima. Sikusikiliza hata kidogo (haraka zangu hizi!), nikamwekea kwenye simu yake. Na Baba hasomi nota, anajifunza kwa kusikiliza, huku akichunga ng'ombe wake.

Leo MC kamwita. Mzee kasimama na koti lake la Jumapili, kavuta pumzi... Yesu wangu! Sauti nyembamba kama ya mwanambuzi aliyepotezana na mama yake! Mishipa ya shingo imemtoka. Shangazi kajifunika kitenge usoni, mabega yanatetemeka. Mimi natafuta pa kujificha. Na mzee haachi, anazidi kupanda!

Tusekile akashuka jukwaani, machozi yanamtoka, akamshika mikono. "Baba, niimbie kwa sauti yako ya nyumbani."

Mzee akanitazama kwanza mimi. Anaomba ruhusa! Nikaitikia kwa kichwa. Akaanza upya, chini kabisa, vicheko vikakatika. Tusekile akamwegemea kifuani mpaka mwisho. Nililia, sifichi.

Baadaye nikamfuata. "Baba, nisamehe. Hukuona kwamba ni juu mno?"

"Niliona. Koo limeniuma wiki nzima. Lakini umeniandikia wewe, mwanangu. Ningeukataaje?"

Nikachukua simu yake niufute ule wimbo. Akaninyang'anya. "Uache. Ng'ombe wameshauzoea."

Haya, chekeni. Ila baba kama huyu hamna.