Malalamiko ya Mjomba Aliyegeuzwa Kitabu cha Tiba

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Tiba,

Kuhusu: Kuombwa kwa kitabu kimoja tu

Nakuandikia nikiwa nimeketi wima, maana siku hizi kulala chali nyumbani kwangu ni kuita mikono ya watu.

Mimi ni karani mstaafu wa mahakama. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mwanafunzi wako wa mwaka wa nne. Anakaa kwetu kwa sababu hospitali yenu iko ng'ambo ya barabara tu, na kwa sababu mke wangu anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Muhula uliopita alianguka mtihani wa zamu ya magonjwa ya ndani. Alirudi nyumbani, akavua koti jeupe, akalikunja vizuri kama mtu anayelirudisha dukani, kisha akajifungia bafuni. Tulisikia bomba likimwaga maji muda mrefu, na binti huyu hujulikana kwa kuoga haraka. Aliambiwa atarudia mtihani, na akianguka tena atarudia mwaka mzima. Ndipo nilipoamua kuichunguza kesi hii. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba chuo chako hakisemi mwanafunzi asome nini. Alipoanza kuingia wodini, kila aliyemtangulia alimpa ushauri, na kila mmoja aliapa. Wa kwanza aliapia kitabu kinene, ambacho sasa mke wangu anakitumia kuzuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Wa pili, kile kidogo cha kutia mfukoni. Wa tatu, maswali ya kwenye simu. Wa nne, video za mwalimu mmoja ambaye huonekana mikono tu. Wa tano alimletea noti zilizotolewa fotokopi ya fotokopi mpaka picha ya mapafu ikafanana na mawingu. Mtoto mtiifu, akaanza vyote kwa pamoja. Sasa Mheshimiwa, vyote vitano vinaanzia kwenye moyo. Siku ya mtihani alikuwa ameusoma moyo mara tano, na figo hajawahi hata kusalimiana nazo. Akaletewa mgonjwa wa figo.

2. Kwamba nilikwenda mwenyewe maktabani kwenu, nimevaa tai, nikamuuliza mkutubi ni kitabu kipi hasa ndicho. Akanijibu kwa upole, “Mzee wangu, vyote ni vizuri. Inategemea na mwanafunzi.” Mheshimiwa, nimekaa mahakamani maisha yangu yote ya kazi. Shahidi akishaanza kusema “inategemea”, hakimu huagiza chai.

3. Kwamba maswali ya simu yamehamia mdomoni mwake. Mke wangu alimuuliza kama amekula, akasema swali halina majibu ya kuchagua. Mimi nilipiga chafya, akanigeukia: “Mjomba, hatua inayofuata iliyo sahihi zaidi ni ipi?” Nikasema leso. Akasema leso ni sahihi, lakini siyo sahihi zaidi. Baba mkwe mtarajiwa wa binti yangu alipokuja tupange harusi, mpwa wangu alimkaribisha kwa glasi ya maji na kumuuliza choo chake ni cha rangi gani. Mbaya zaidi, mgeni alijibu, tena kwa kirefu, na hatukuweza tena kuyarudisha mazungumzo kwenye harusi.

4. Kwamba vitabu vilipogombana, niliitwa mimi kuamua. Kundi lake la kusoma lilikuwa kwenye meza yangu, likibishana ini la binadamu linaishia wapi. Kitabu kinene kinasema hivi, noti zinasema vile. Kijana mmoja mrefu, ambaye humu ndani tunamwita Rula, akageuka akanitazama. Nilikuwa nasoma gazeti langu. “Mjomba,” akasema kwa adabu zote, “samahani, una dakika moja?” Tangu siku hiyo sijavaa shati kwa amani. Hunilaza kwenye kochi, hunibonyeza, hunigongagonga kama watu wanaochagua tikiti sokoni, na mikono yao yote ni ya baridi. Goti langu walilipiga kwa ukingo wa kandambili, kwa kukosa nyundo. Mguu uliruka, ukapiga meza, na chai yote ikamwendea mke wangu. Kundi zima lilipiga makofi. Mke wangu naye alipiga, baada ya kukauka.

5. Kwamba walichora mpaka wa ini langu kwa kalamu isiyofutika. Nilikwenda kupimwa suti ya harusi. Fundi akapandisha shati, akasimama na futi yake mkononi. “Mzee, hii ni nini?” Nikamwambia ni ini. Akaniuliza kama hiyo suti ni ya kuvaa au ya kuzikiwa.

6. Kwamba baada ya haya yote, mpwa wangu alirudia mtihani akafaulu. Hili nalikubali bila kulazimishwa. Aliingia mbio na koti lake jeupe, akanikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Mke wangu alilia. Mimi nilitoka kuangalia kama geti limefungwa, na kazi hiyo ilinichukua muda. Niliporudi nilimkuta kwenye simu akimwambia mama yake kwamba kilichomwokoa ni zile video. Video, Mheshimiwa! Mwalimu wa mikono mitupu! Na mimi nimesimama pale pale, wino haujatoka tumboni. Rula alipoona uso wangu, akajaribu kunituliza: “Mjomba, wewe ni mzuri sana, tatizo ni kwamba huna ugonjwa wowote. Wewe huna cha kutufundisha.” Nimetukanwa na washtakiwa wa kila aina, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mimi ni kurasa tupu.

Na sasa zamu ya upasuaji imeanza. Meza ya chakula haionekani tena, kila mtu kaja na chake anachokiapia, nasi tunakula sahani zikiwa magotini. Nimemwona mpwa wangu akifungua ukurasa wa kwanza wa kila kimoja, na nimeingiwa na hofu ileile ya muhula uliopita.

Kwa hiyo naomba chuo kitaje kitabu kimoja, kimoja tu, na kiwe chembamba. Vingine vyote vipigwe marufuku, na atakayekutwa na cha pili azuiwe kuingia wodini. Noti zichomwe. Mwalimu wa video aitwe mbele ya kamati aonyeshe uso. Na kama haya yote yatashindikana, basi chuo kinisajili mimi rasmi kuwa kitabu, nipewe namba ya rafu, niazimwe saa za kazi tu, na anayeniazima anawe mikono kwa maji ya moto.

Nisalimie mkutubi, nisalimie wauguzi wote wa wodini, na walinzi wa geti lenu. Na yule mgonjwa wa figo, kama bado yupo, mwambie hatuna kinyongo naye.

Ni mimi, katika utii na shati lililofungwa vifungo vyote,

Mjomba wa Mwanafunzi

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, Rula aliniomba nisimame nikohoe. Nikakohoa. Kundi zima likasogea karibu. Mpwa wangu akanigusa kidogo juu ya paja, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Mjomba, hii ni ngiri, na haifai kuachwa.” Daktari bingwa wenu amethibitisha. Nitapasuliwa Jumanne, na amelikubalia kundi lote liingie naye kumsaidia. Mpwa wangu ndiye atakayeshika vifaa. Kwa sababu hiyo, Mheshimiwa, ombi langu la kitabu kimoja naliondoa lote. Wapeni vyote. Wapeni na vya vyuo vingine. Na kama kuna kitabu chochote cha upasuaji ambacho bado kiko kwa mchapaji, naomba sana, kwa unyenyekevu, kiharakishwe kitoke kabla ya Jumanne.