Kanuni za Kumtoa Springi Uwanjani

Jumatatu, 6 Mei

Mwalimu Mkuu kaniita ofisini kabla ya kengele ya kwanza. Nilijua ni yale yangu na refa wa muhula uliopita. Kumbe ni heri! Jumamosi tunacheza fainali ya voliboli ya wasichana, hapa hapa kwetu, na chuo cha michezo kinamtuma mtu kuja kutazama. Anatafuta msichana mmoja. Mmoja tu! Atasoma bure, atafundishwa na makocha wa kweli. (Mwalimu Mkuu, mama yule, alitamka "wa kweli" huku akiniangalia. Nimemsamehe.)

Nafasi hiyo ni ya binti yangu. Hakuna mjadala. Ndiye kepteni, ndiye anayewapangia wenzake mpira, na tangu ana miaka sita analala na mpira kitandani. Nimeingoja siku hii miaka tisa.

Kikwazo ni kimoja. Springi. Binti wa fundi cherehani, mrefu, mkimya. Akiruka unaweza kupita chini yake na baiskeli. Mgeni akimwona anaruka mara moja tu, kwisha habari yetu.

Halafu bahati ikabisha hodi. Mwalimu Mkuu kasema amechoka na wanamichezo wanaokacha vipindi kwa kisingizio cha mazoezi. Anataka kanuni. Atakayevunja hata moja hachezi Jumamosi, awe nani, awe wa nani. Nikaziandike mimi, yeye atie saini, na zikishatiwa saini hazibadiliki.

Nikajifungia stoo ya mipira. Nimetoka na kanuni kumi na moja. Tisa ni za sura tu: jezi safi, heshima kwa refa, kukunja wavu baada ya mazoezi, na kadhalika. Mbili ni za Springi. Ya nne: atakayechelewa mazoezi ya asubuhi mara mbili kwa wiki hachezi. Springi humpeleka mdogo wake chekechea kila asubuhi, na ni mbali! Ya saba: atakayepata chini ya hamsini kwenye jaribio la Hesabu la Alhamisi hachezi. Muhula uliopita alipata thelathini na moja. Nilichungulia daftari la Mwalimu wa Hesabu alipokwenda chooni.

Alama zitaandikwa kwenye kadi ya kila mchezaji, na kadi zote nitazikusanya mimi. Mwalimu Mkuu katia saini bila kukuna kichwa. Nimekula chakula cha jioni kwa raha zangu.

Jumanne, 7 Mei

Springi kafika wa kwanza. Wa kwanza! Wavu ameshaufunga, mipira ameshaipanga. Nasikia shangazi yake sasa ndiye anayempeleka yule mtoto. Watu wengine bwana, hawana kazi.

Mimi nimechelewa dakika nane. Nilikuwa kwa karani nachapisha kanuni. Binti yangu pia kachelewa dakika nane, kwa sababu nilimshikisha karatasi. Na nani kasimama katikati ya uwanja na saa mkononi? Mwalimu Mkuu mwenyewe. Nikamweleza kwamba mtoto alikuwa amebeba kanuni. Kasema basi amezibeba kwa kuchelewa. Akaandika mara ya kwanza kwenye kadi yake. Bado moja tu na mtoto yuko nje!

Binti hakulalamika. Alianza kukimbia kuzunguka uwanja bila kuambiwa.

Nimewasomea kanuni kwa sauti nzito. Springi kanyosha mkono, kauliza kwa adabu kama zinamhusu na kocha. Nikamwambia hilo ni swali zuri sana. Nikaendelea na lingine.

Jumatano, 8 Mei

Balaa! Wakati wa chakula cha mchana nilimuuliza mke wangu, kwa kujidai tu, binti yetu alipata ngapi zoezi la Hesabu la wiki iliyopita. Thelathini na nane. Chai ikanipalia. Nikafoka mbona sikuambiwa. Kasema niliambiwa mara mbili, ila nilikuwa nachora wachezaji kwenye kitambaa cha meza.

Thelathini na nane! Kanuni yangu mwenyewe imegeuka na kumkodolea macho mwanangu.

Nilikwenda mbio kwa Mwalimu wa Hesabu. Damu zetu haziivi. Tangu Januari anakalia kiti changu cha pale dirishani na haoni aibu. Nikajinyenyekeza, nikampaka mafuta weee, nikamsifia mpaka viatu. Nikamwomba jaribio lisogezwe wiki ijayo. Kauliza kwa faida ya nani. Nikasema kwa faida ya elimu. Alicheka mpaka walimu wengine wakageuka. Kasema kanuni ya saba ndiyo kitu cha maana kuliko vyote nilivyowahi kuandika.

Jioni narudi nyumbani, namkuta nani barazani? Springi! Kakaa na binti yangu, vitabu mezani, anakunywa chai yangu. Nikaona njama yote papo hapo. Kaja kumchosha mwenzake kabla ya mtihani! Nikatunga kanuni ya kumi na mbili nikiwa nimesimama pale pale mlangoni: mwanamichezo awe kwao, amepumzika, ifikapo saa kumi na mbili jioni. Springi akakusanya vitabu vyake. Kasema haya Mwalimu, asante kwa chai. Binti yangu kaingia chumbani.

Mke wangu akachukua kikombe, akaniambia taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa, kwamba Springi huja hapa wiki ya tatu sasa kumfundisha mtoto wetu Hesabu. Kwamba Springi siku hizi anapata sitini na nne. Kwamba leo ndiyo walikuwa wanamalizia.

Lo! Nilitoka mbio hadi barabarani na kandambili. Ameshapotea.

Ikabidi nimfundishe mwenyewe. Tulifanya swali moja kwa saa nzima. Tulipata majibu matatu, moja likiwa la kilo, na swali lilikuwa la umri wa baba na mtoto.

Alhamisi, 9 Mei

Siku ya jaribio. Nimepeleka chaki darasani kwao mara tatu. Mara ya tatu Mwalimu wa Hesabu kaniambia, mbele ya watoto, kwamba chaki walizonazo zinatosha hadi mwakani.

Matokeo saa tisa. Springi sabini na moja. Binti yangu arobaini na sita.

Alama nne! Jamani, alama nne!

Kanionyesha kadi yake mwenyewe. Hakulia. Kasema amejitahidi, safari ijayo atajitahidi zaidi. Kaomba ukepteni wa Jumamosi nimpe Springi. Halafu kaenda kufua jezi yake, ile ile ambayo hataivaa. Nilimtazama akiikamua pale bombani. Miaka tisa mtoto anaruka ukutani, anapiga mpira mpaka majirani wanalalamika, leo alama nne zinamfungia mlango. Na mlango nimeujenga mimi.

Kadi imebaki kwangu, kwa ukaguzi. Nimeiangalia sana. Ile nne ilikuwa imekaa vibaya, haijiamini. Nikachukua wembe. Nikaurudisha. Nikauchukua tena.

Sasa ni hamsini na sita. Imekaa vizuri kuliko ya mwanzo.

Ijumaa, 10 Mei

Mwisho wa kupokea kadi ni saa sita mchana. Mwalimu wa Hesabu yuko kwenye semina mjini. Nani kama mimi?

Nikamkabidhi Mwalimu Mkuu kadi nane. Nilidhani atazihesabu tu. Thubutu! Anavaa miwani. Anasoma moja moja, kwa kidole. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya Springi, sawa, na akatabasamu. Ya sita ni ya binti yangu. Akaiinua juu, kuielekeza dirishani. Nikaona mwanga unapenya pale nilipokwangua. Jasho jembamba likanishuka hadi kwenye soksi. Saa ya ukutani ilisikika kama mtu anapiga misumari.

Kauliza kadi hii imelowa? Nikasema ndiyo Mwalimu, nyumba yetu inavuja. Mvua haijanyesha miezi miwili. Kanitazama, katazama jua la nje, kanitazama tena. Kisha kaiweka juu ya zile nyingine. Nane. Wote wanacheza.

Nimetoka pale moja kwa moja kumtafuta mwanangu.

Nikamwambia binti kwamba wamejumlisha upya, wameona alama kumi zilisahauliwa. Kauliza nani kajumlisha. Nikasema wao. Kauliza kwenye swali la ngapi. Nikasema kwa ujumla. Kasema yeye mwenyewe alijumlisha mara tatu. Akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Nikachukulia ni furaha.

Jumamosi, 11 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Mgeni alifika saa tatu. Mama mfupi, kofia, faili nene, hacheki hovyo. Nikampa kiti kizuri kuliko vyote, kile cha Mwalimu wa Hesabu. Mama wa Springi, fundi, alikaa nyuma kabisa na sindano zake kifuani. Timu zikajipanga. Refa akatia filimbi mdomoni.

Binti yangu akatoka kwenye mstari.

Anaelekea mezani kwa Mwalimu Mkuu. Nikadhani anakwenda kusalimia, nikajivuna hata, nikamnong'oneza mgeni kwamba huyo kalelewa. Kisha nikaisikia sauti yake. Mtoto ana sauti ya kepteni, uwanja mzima ulisikia. Kasema kadi yake si ya kweli. Kasema alipata arobaini na sita, kanuni anaijua, hastahili kucheza.

Hata wale wa timu pinzani wakageuka.

Mwalimu Mkuu akauliza nani aliibadilisha. Nikangoja kidole. Hakunyosha. Kasema anaomba atolewe mchezoni lakini hilo asiulizwe. Watu wote wakaniangalia hata hivyo. Mke wangu alikuwa wa kwanza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema "ni mimi." Maneno mawili! Mdomo ukafunguka kabisa. Nikasikia sauti yangu ikisema wavu umelegea upande wa kushoto. Nikaenda kuukaza. Haukuwa umelegea.

Binti akavua kitambaa cha ukepteni, akamfunga Springi mkononi. Akakaa benchi. Mchezo ukaanza.

Seti ya kwanza yetu, ya pili yao. Na muda wote huo, kule benchi, mtoto hakunyamaza. Anamwambia Springi wapi pako wazi, nani kachoka, nani anaogopa mpira. Seti ya tatu, kumi na nne kwa kumi na tatu, sisi mbele, nilikuwa nimeuma kola ya shati langu. Mpira ukapanda. Binti akapiga kelele: kulia, nyuma! Springi akaruka. Ukatua kulia, nyuma. Ubingwa!

Mgeni aliandika bila kuinua kalamu. Kamchukua Springi, bila shaka yoyote. Fundi alilia waziwazi, na nikaona aibu kumwangalia.

Halafu mgeni kaenda benchi. Kamuuliza binti yangu nani kamfundisha kuusoma uwanja hivyo. Kasema hutazama tu. Mgeni kasema atarudi baada ya wiki mbili, huenda nafasi ya pili ikapatikana. Akirudia jaribio, akavuka hamsini kwa haki, angependa kumwona akicheza.

Nusura nizimie kwa furaha. Na ningezimia kweli ingekuwa afadhali. Nikajipenyeza katikati yao, nikasema atavuka, mama, tena hata leo angecheza isingekuwa huu mguu wake ulioteguka. Mgeni akatazama mguu. Akatazama na wa pili. Binti yangu kasimama juu ya yote miwili, wima.

Kasema, "Baba, tafadhali." Basi.

Jumapili, 12 Mei

Barua kutoka kwa Mwalimu Mkuu. Kaileta Mwalimu wa Hesabu kwa mkono wake, na akakaa kwenye kiti changu cha nyumbani nacho! Wiki mbili nisikanyage shuleni. Timu anaichukua huyo huyo Mwalimu wa Hesabu. Jaribio la kurudia ni Ijumaa.

Binti kaisoma barua. Katabasamu, mara ya kwanza tangu Jumatano. Kasema, "Kama baba hayupo, basi nitafaulu." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikalia. Nimemkosea mtoto. Nilimpenda mpaka nikamkalia.

Nilipotoka nikamwomba radhi, mbele ya mama yake na mbele ya Springi, ambaye alikuwa ameshafika na vitabu. Nikamwomba radhi na Springi. Nikammiminia chai mwenyewe, sukari vijiko vitatu. Nikaapa kwamba Ijumaa sitatia mkono wala mguu. Binti akanishika bega, kasema yameisha baba. Wakaendelea na hesabu zao. Nyumba nzima ilikuwa na amani.

Nimebadilika. Naandika kwa moyo wangu wote: nimebadilika.

Ila nimeirudia ile barua. Inasema shuleni. Barabara ya nyuma ya darasa lao si shuleni, ni ya umma, na deski lake liko dirishani kabisa. Sitatia mguu, nitasimama tu. Maana nimejaribu swali moja la kitabu chake mchana huu, mara tatu, na jibu langu halilingani na lile la nyuma ya kitabu. Kitabu kimekosea! Mtoto atapotezwa hivi hivi mbele ya macho yangu. Lazima awepo mtu wa kumwonyesha jibu sahihi kwa vidole.