Katavi Chini ya Turubai la Misiba

Jumamosi, 7 Juni
Brightson katuonyesha tena picha zake za Mikumi kwenye sala ya jumuiya. Twiga! Kila abiria wa basi la Mbeya huwaona hao twiga dirishani. Nikasimama. Nikasema mwanaume anakwenda Katavi, kule mbali, kwenye simba na viboko, na mie ndiye nitakayewapeleka. Nilidhani watacheka yaishe. Wakapiga makofi! Rosalia, katibu wetu, akaandika kwenye daftari. Kamati ikaundwa papo hapo, mwenyekiti mie.

Najuta. Mie hata bata mzinga wa jirani Mwanaasha namuogopa.

Jumatano, 11 Juni
Mbinu ya kwanza: umbali. Nimewaambia kufika Katavi lazima kwanza Mpanda kwa treni, kukesha njiani. Wamefurahi, watapata muda wa kuimba. Mbinu ya pili: mahema hatuna. Brightson, kiherehere, akasema lipo turubai la jumuiya, lile la misiba. Tulale wote chini yake. Paa linalo. Kuta halina! Viboko watapita katikati yetu kama waombolezaji.

Nimerudi kwenye karakana yangu ya useremala hapa Keko, nikapiga randa mguu wa kitanda cha mteja mpaka ukawa mwiko.

Jumamosi, 14 Juni
Mkosi. Mama mkwe, Mama Auleria, kafika kutoka Bukoba. Clara, mke wangu, kamweleza yote. Mama kasema hajawahi kuona simba, naye anakwenda. Tena anamshukuru Mungu kwa kumpa mkwe jasiri. Jasiri! Nilipanga kusingizia mgongo. Sasa hata kuugua siwezi.

Jumanne, 17 Juni
Nimepona!

Kwenye kikao Mama Auleria kauliza tutalala wapi. Akaonyeshwa turubai. Akakaza kanga yake, akasema kwao mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe, hata iweje. Brightson akadai kitu kisicho na kuta si nyumba. Mama akamjibu kuwa paa ni paa, na kwani yeye kamuoza nani? Wakajadili saa nzima. Uamuzi: mmoja wetu abaki. Macho yote kwa Mama. Nikapiga magoti upesi, nikasema mzazi hawezi kubaki mie niende. Mama akalia. Clara akalia. Mwenyekiti mpya: Brightson.

Nimekula sahani mbili za ndizi. Sijawahi kuipenda mila ya ukweni kama leo.

Jumamosi, 21 Juni
Nimewasindikiza stesheni. Brightson kakumbatia turubai, ananiuliza kama viboko hutembea usiku. Wengine wote wananihurumia madirishani, wananiita shujaa aliyejinyima. Moyo ukanijaa. Treni ilipoanza kutembea nikapaza sauti: mwakani Mahale, kwa sokwe, kwa miguu, nawaongoza mwenyewe. Na mama wakwe hawaruhusiwi! Makofi behewa zima. Nimemwona Rosalia akiandika.

Safi sana. Brightson atajua mwanaume ni nani.

Nyumbani nimeingia kwa mlango wa uani. Bata mzinga alikuwa barazani.