Dele la Mama Mkwe Kwenye Reli

Jumatatu, 4 Agosti
Awadhi tena! Jana kwenye klabu yetu ya treni ndogo, ghorofani Gerezani, kichwa chake cha treni kilivuta mabehewa yote bila kukohoa. Makofi! Kwa kichwa cha umeme, cha dukani! Na Jumamosi tunachagua mwenyekiti. Nitaunda changu kwa mkono, cha mvuke wa kweli. Kimebaki chombo cha kuchemshia maji tu. Cha shaba.

Jumanne, 5 Agosti
Shaba imepatikana. Dele la kahawa la mama mkwe, Bi Mwanamkuu. Alimwachia mke wangu Najma alipokwenda Tanga. Athanas, fundi wa kuchomelea, akauliza kama mwenye dele anajua. Nikasema mwenye dele ni mimi. Akaukata mdomo wa dele.

Jumatano, 6 Agosti
Magurudumu nimeyang'oa kwenye begi la mtumba, Mchikichini. Awadhi kanitajia upana wa reli, milimita thelathini na mbili. Bila kuombwa! Anatabasamu! Mpinzani gani husaidia bure? Nikapunguza nne. Mimi si mtoto.

Ijumaa, 8 Agosti
Kichwa hakikai relini. Kumbe Awadhi alisema kweli makusudi, akijua sitamwamini. Mtu hatari sana.
Wenzangu walipokwenda msikitini, nikasema naumwa. Nikabaki klabuni nikazibana reli zote zilingane na magurudumu yangu. Sasa tuone.
Najma kauliza dele liko wapi. Nikasema nimelipeleka kung'arishwa. Kafurahi, kampigia mama yake.

Jumamosi, 9 Agosti
Kichwa cha Awadhi kiligoma kuingia relini. Nikampa pole nzito. Nikawasha spiriti chini ya changu. Kikatoa moshi. Kikatembea! Ukumbi mzima ukasimama, machozi yakanilenga. Awadhi ndiye aliyeshangilia kuliko wote, mnafiki.
Ndipo nikakumbuka mabehewa. Nayo hayaingii.
Kikazunguka peke yake, hakina breki, kinazidi mbio. Kifuniko kikaruka hadi kwenye feni. Harufu ikajaa. Mlangoni, Najma na mama yake aliyerudi kutoka Tanga, wamekuja kunishangilia!
"Mkwe, hilo si dele langu?"
Nikamwambia, shikamoo mama, hii ni treni.
"Treni gani inanukia hiliki?"
Akakaa chini. Akasema alipewa na marehemu mama yake siku ya harusi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.
Awadhi akavua kofia yake, akalikamata nayo dele likipita, akalipoza taratibu. Akachaguliwa palepale. Hata Najma alinyoosha mkono, na si mwanachama!

Jumatatu, 11 Agosti
Awadhi kalirudisha dele, mdomo umeungwa, linang'aa. Mama mkwe anamwita "mwanangu". Mimi ananiita "wewe".
Klabu imegundua nilivyozibana reli, imenifukuza. Nimetafakari sana, nikaona tatizo: watu. Nimeanzisha klabu yangu. Nimekuwa mwenyekiti bila kupingwa. Katibu pia ni mimi, ila huyo simwamini. Ana tabasamu la ajabu.